Shikamoo, Mwanafunzi Wangu

Ndugu msomaji, kuna jambo moja linanisumbua kichwa, na kwa kuwa jarida hili ni letu vijana, naona si vibaya nikiliweka hapa tulipime wote. Jambo lenyewe ni hili: ukimheshimu mtu mzima, unaruhusiwa kumwambia kwamba kazi ya mikono yake imeharibika? Na kama huruhusiwi, hiyo sifa unayompa badala ya ukweli ni heshima kweli, ama ni dharau iliyovishwa kanzu?

Nauliza kwa sababu ya shughuli ninayoifanya. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, pwani ya Bagamoyo, nafundisha uchoraji watu tisa ambao wote ni wakubwa wa wazazi wangu. Mdogo wao ana miaka 61. Mkubwa wao anasema ana miaka 78, ingawa wenzake wanambishia kwamba amejipunguzia. Wamo mvuvi aliyeacha bahari kwa ajili ya magoti, karani wa zamani wa reli, mama aliyeuza samaki wa kukaanga hadi akasomesha watoto wanne, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na bibi mmoja msusi wa mikeka. Jengo hatuna. Tunakaa chini ya mkungu, wengine juu ya vigoda, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, na karatasi tunazibana kwenye vipande vya hadibodi ili upepo usizichukue. Maji ya kusuuzia brashi yako kwenye makopo ya maziwa ya unga. Ndiyo chuo chetu hicho.

Shuleni sote tulizoea mwanafunzi kusimama na kumwamkia mwalimu. Hapa mambo yamepinduka. Mwalimu ndiye anayezunguka kwa wanafunzi wake mmoja mmoja, ameinama kidogo: "Shikamoo baba. Shikamoo bibi." Nao wanaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha wanakumbuka na kuongeza, "hujambo mwalimu?", na hapo kicheko. Wengi hulieleza neno shikamoo kuwa ni kushika miguu ya mkubwa. Sasa mtu uliyekwisha kumshika miguu, dakika kumi baadaye utamwambia vipi kwamba jahazi lake linapaa angani?

Mtu asiyewahi kuchora nje anaweza kudhani ni burudani ya kupunga upepo tu. Siyo. Chumbani, chungu ulichokiweka mezani kinakusubiri hata siku tatu. Nje hakuna kinachokusubiri. Tukianza saa kumi, kivuli cha mnazi kinazidi kidogo tu urefu wa mnazi wenyewe. Ikifika saa kumi na moja na nusu kimekwisha kuwa mara nne hivi, kimelala mchangani kikielekea baharini. Bahari nayo haina subira. Saa za kujaa na kupwa husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumamosi hii maji yakiwa yamejaa hadi karibu na miguu yetu, Jumamosi ijayo saa ile ile yamekupwa na ngalawa zimelala ubavu juu ya tope. Picha uliyoianza leo huwezi kuimaliza wiki ijayo. Itabidi usubiri wiki mbili, na hata hapo mawingu si yale.

Kwa hiyo makosa ni mengi, ya kila mtu, na yako wazi. Nikipita nyuma ya wachoraji wangu swali ni lile lile: "Mwanangu, imekaa sawa?" Jibu rahisi liko mdomoni kila mara: "Safi kabisa, mzee! Nzuri sana!" Halina gharama. Linafurahisha. Kila anayepita njiani akatuchungulia hulitoa bure, kisha akaenda zake sokoni.

Nimejaribu kulichambua jibu hilo nione limetoka wapi. Naona lina mama watatu. Wa kwanza ni upendo: humtakii mtu huzuni katika jioni yake. Wa pili ni woga: tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu wenyewe ni wangu. Hao wawili nawaelewa, wala sina ugomvi nao. Mama wa tatu ndiye anayenitia mashaka, naye ni kukata tamaa.

Tazama tunavyofanya kwa mtoto. Mtoto wa darasa la pili akichora mtu ambaye mikono yake inaota kichwani, tunamwambia, "Hebu jitazame, mikono hutoka mabegani." Tunamwambia hivyo kwa kuwa tunaamini kesho atachora vizuri zaidi. Kumsahihisha mtu ni kumhesabia kesho. Basi yule ambaye hatumsahihishi kamwe, ambaye kila alifanyalo ni "safi kabisa," tumemhesabia nini? Mara nyingi, bila kujua, tunakuwa tumemwambia kwamba kujifunza kwake kumekwisha, sasa ni kumstarehesha tu mpaka wakati wake ufike. Tunamwaga yungali hai, kwa maneno matamu.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Bibi msusi wa mikeka ndiye aliyeyaweka wazi, tena siku moja tu, mbele ya wenzake. Alikuwa amechora mnazi. Mama aliyekaa jirani yake akainua shingo, akasema, "Umeweza bibi, umeweza!" Bibi akaweka brashi chini.

"Na wewe nawe," akasema. "Nyumbani wananidanganya, na huku nako?"

Tukanyamaza. Akatueleza polepole, huku akikung'uta mchanga kwenye khanga. Alipougua, wanawe walimpeleka hospitali. Daktari akazungumza nao mlangoni, yeye amekaa ndani. Alipouliza, akaambiwa, "Presha kidogo tu mama, pumzika." Shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe liliuzwa, yeye akaambiwa limekodishwa. Na yote mawili alikuwa anayajua. "Mie nimesuka mikeka miaka hamsini," akasema. "Ukiruka mwaa mmoja tu, ukili wote unakwenda upande. Hivi mnadhani sitambui kitu kilichokwenda upande?" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, sema."

Nikamwambia, "Bibi, shina lote umelipa unene mmoja, kama bomba. Hebu utazame ule pale, chini na juu."

Alitazama kitambo kirefu. "Ahaa," akasema. "Chini ana kalio." Akachovya brashi.

Ndugu msomaji, nimeifikiria sana siku ile. Wanawe si watu wabaya. Wanampenda, na uongo wao wameutoa katika upendo. Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa walioficha si mgonjwa. Wamemficha mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe. Na niliona kwamba sifa ya uongo juu ya picha ni mtoto mdogo wa ukoo huo huo. Anaonekana hana madhara kwa sababu ni mdogo. Lakini mtu anayedanganywa kuhusu mwili wake, kuhusu mali yake, kisha akadanganywa hata kuhusu mnazi wa karatasi, atapata wapi mahali pa kukanyaga pasipobonyea?

Nasikia wasomaji wengine wakinipinga. Wa kwanza atasema, samaki mkunje angali mbichi. Hao wamekwisha kauka, ukiwakunja utawavunja. Methali hii naiheshimu, lakini historia yetu wenyewe imewahi kuikataa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalienea nchi nzima, mengine chini ya miembe. Waliokuwa wakifundisha hawakuwa walimu peke yao. Walikuwamo pia vijana waliomaliza shule ya msingi, wakiwafundisha watu wa umri wa babu zao. Yule kijana wa kisomo hakuwa na nafasi ya kusema "safi kabisa" mzee alipoandika herufi kinyume. Herufi kinyume haisomeki. Alilazimika kusema, "Babu, tumbo la herufi hii liko upande wa pili," na babu akafuta, akaandika tena. Heshima haikuvunjika, na wengi wao walikuja kuandika majina yao badala ya kuweka dole gumba.

Tena huo ukavu wenyewe tunaupimaje? Kwa miaka iliyopita, au kwa iliyobaki? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu, akaanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Hesabu mwenyewe: ni miaka minne hivi tu ya kuchora, na ndani yake akaanzisha mtindo ambao ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza na ambao hadi leo unabeba jina lake. Mwanafunzi wangu wa miaka 70 anaweza kabisa kuwa na miaka mingi zaidi mbele yake kuliko aliyokuwa nayo Tingatinga alipoinua brashi mara ya kwanza. Hakuna ajuaye. Na kwa kuwa hakuna ajuaye, sisi ni nani kumfungia mtu hesabu?

Lakini hapa nijihadhari. Watu hupenda kutaja mfano wa Anna Mary Robertson Moses, mke wa mkulima huko Marekani, aliyeanza kuchora kwa bidii alipokaribia miaka 80, akapata umaarufu mkubwa, akafariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101. Mfano ni wa kweli, na unatia moyo. Ila nikiwaambia wazee wangu kwamba na wao watakuwa kama yeye, nitakuwa nimerudi kwenye uongo kwa mlango wa uani. Wengi wao hawatauza hata picha moja. Kesho ninayowahesabia si ya umaarufu. Ni ya kuuona mnazi Jumamosi ijayo vizuri kuliko walivyouona leo.

Mpinzani wa pili ana nguvu zaidi, naye yumo darasani mwangu. Ni yule mwalimu mstaafu. Aliniita pembeni siku moja akaniambia, "Mwanangu, hawa hawakuja kufanya mtihani. Wamekuja kupumua." Alisema hivyo kwa sababu ya karani wa reli. Karani alikuwa amechora bahari iliyoinama, upande mmoja juu, upande mwingine chini, kama chai inayotaka kumwagika. Akauliza kama imekaa sawa. Nikamjibu, "Baba, bahari imelala upande. Weka kidole chako kwenye mstari ule kule mbali, uone." Aliweka kidole. Hakusema kitu. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Hilo ndilo gharama ya ukweli, wala sitaki kulipamba. Mtu wa miaka 70 aliyeumizwa hana muda mrefu wa kupona kama kijana. Jumamosi mbili kwake si sawa na Jumamosi mbili zangu. Ningelisema "safi kabisa" angalikuja zote mbili, akanywa chai na wenzake, akacheka. Je, bahari kunyooka kuna thamani kuliko chai na kicheko?

Jibu langu ni kwamba chai na kicheko vinaweza kutolewa bila uongo. Mzee wangu mwalimu mstaafu anachanganya faraja na sifa, kana kwamba ya kwanza haiwezi kuja bila ya pili. Mtu unaweza kumletea kigoda, ukamsogeza kivulini, ukamuuliza habari za mguu, ukacheka naye mpaka machozi, na bado usimwambie kwamba bahari yake imenyooka. Na kuna jambo jingine: ukweli si lazima uutoe wote kwa mkupuo. Mzee ambaye mkono unatetemeka sitamwambia kwamba mistari yake inatetemeka. Analijua hilo kabla yangu, na brashi haiwezi kulitibu. Kunyamaza juu ya kisichobadilika si uongo. Mimi huchagua neno moja kwa alasiri moja, lile ambalo mkono wake unaweza kulifanyia kazi kabla jua halijatua.

Karani alirudi Jumamosi ya tatu. Hakueleza alikokuwa, nasi hatukumwuliza. Alikuwa na rula mfukoni mwa shati. Akaketi mahali pake, akapiga mstari wa bahari kwa rula, akautazama kwa jicho moja, kisha akaomba apewe kopo la maji.

Mpinzani wa tatu ni mjanja. Anauliza: huo ukweli unaousema ni wa nani? Ni bahari ya macho ya nani? Swali hili ni zito, kwani macho ya mzee si macho ya kijana. Kadiri umri unavyokwenda, lenzi ya jicho hugeuka manjano polepole na kuzuia zaidi mwanga wa buluu. Mboni nayo haipanuki kama zamani, hivyo mwanga unaoingia ni mchache. Mchoraji Mfaransa Claude Monet, ambaye alitumia maisha yake akichora nje, aliugua mtoto wa jicho. Picha alizochora katika miaka ile zimejaa wekundu na rangi ya udongo. Alipasuliwa jicho mwaka 1923 akiwa na miaka 82. Basi mzee akipaka bahari umanjano, pengine hakukosea chochote. Amepaka bahari iliyomfikia.

Na yako mambo ambayo kijana haoni hata akiwa na macho ya kipanga. Yule mvuvi alipaka katikati ya bahari yake mstari mpana wa rangi iliyofifia, ambao mimi sikuuona pale mbele. Nikamwuliza, "Mzee, huu ni nini?" Akanitazama kwa huruma. "Fungu hilo," akasema. "Maji yake hayana rangi moja na ya pembeni. Nimepitisha mashua hapo miaka thelathini." Nikatazama tena, nikatazama mpaka macho yakaniuma, na pale pale aliponionesha, maji yalikuwa yamefifia kidogo.

Kwa hiyo namkubalia mpinzani wa tatu nusu ya hoja yake. Ukweli si mali ya mwalimu. Lakini haifuati kwamba haupo, na kila mtu aambiwe "safi." Upo, uko pale mbele yetu, unasogea na kivuli na maji. Hii ndiyo faida ya kufundisha nje, na kwangu ni kubwa kuliko upepo. Chumbani mwalimu na mwanafunzi hukaa wakitazamana, na neno la mmoja hushuka juu ya kichwa cha mwingine. Pwani tunakaa bega kwa bega, sote tumeikabili bahari. Sihitaji kumwambia mzee "umekosea," neno ambalo mdomo wangu haukulelewa kulitamka mbele ya mkubwa. Namwambia "tazama tena," na mimi mwenyewe natazama tena pamoja naye. Aliyemsahihisha karani ni bahari. Aliyemsahihisha bibi ni mnazi. Na mvuvi aliponionesha fungu lake, nami nilikuwa mwanafunzi wa bahari ile ile.

Sharti moja nimejiwekea: sigusi karatasi ya mzee kwa brashi yangu. Kishawishi ni kikubwa, maana kwa sekunde tatu ningeweza kuurekebisha mnazi ule ukapendeza. Bibi angeupeleka nyumbani, wajukuu wakashangilia. Lakini wangekuwa wanashangilia mkono wangu, na yeye angekaa katikati ya shangwe hizo akijua. Mnazi wake wa siku ile ulikuja kupata kalio, tena kubwa kupita kiasi. Lakini ni wake. Ameubandika ukutani kwa gundi ya unga, juu ya kitanda.

Vijana wenzangu, si wote mtafundisha uchoraji pwani. Lakini nyumbani kwenu yumo mtu ambaye kila mkiongea naye mnapunguza sauti na kuongeza utamu. Anauliza bei ya saruji ya nyumba yake, anaambiwa asijali. Anauliza vipimo vilitoka vipi, anaambiwa apumzike. Anapika chakula kikaungua, kinasifiwa. Siwaambii mkavunje adabu. Shikamoo ibaki pale pale, na sauti ibaki ya chini. Nawauliza tu kama mmewahi kumwuliza yeye mwenyewe anataka kuambiwa nini. Pengine atasema hataki kujua, na hiyo ni haki yake. Pengine ataweka chini alichokishika, kama yule bibi, aseme: "Sema."